Laptopu ilivyogoma kuwaka na nilivyookoa mafaili yangu

Jioni ile umeme ulikatika mara tatu, na betri ya laptopu yangu ilishakufa zamani, inaishi kwa chaja tu. Uliporudi mara ya tatu nikabonyeza pawa, kitaa kikawaka, feni ikazunguka kidogo, skrini nyeusi tii. Zima, washa, vilevile. Humo ndani kuna mitihani ya form two niliyokuwa naandaa, matokeo ya wanafunzi ya miaka 4, na picha za marehemu baba ambazo sina pengine popote, yani jasho lilinitoka.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na stendi. Hata kuifungua hakuifungua. "Mwalimu, hii tunaipiga Windows tu, elfu ishirini." Nikamuuliza na mafaili je? "Hapo siwezi kukuahidi." Nikairudisha kwenye begi nikaondoka, maana skrini yenyewe haioneshi kitu sasa hiyo Windows anaipiga wapi?

Nikampigia mdogo wangu, yeye kasomea mambo ya kompyuta. Akaniambia kaka chomoa chaja, toa betri, shikilia pawa sekunde 30, ujaribu tena. Wapi. Akasema basi fungua chini, toa RAM, vile vibao vidogo vya kumbukumbu ya muda. Zilikuwa mbili, yale meno yake ya dhahabu yamefifia kama shilingi ya zamani, nikayasugua taratibu na ufutio wa penseli wa mwanangu, nikapuliza vumbi, nikarudisha moja moja. Ya kwanza logo ikatokea! Ile nyingine kila nikiiweka giza, nikaitupa pembeni.

Furaha haikufika mbali, ikaandika haioni diski ya kuwakia. Nikaingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla Windows haijawaka) kwa F2, jina la diski lipo, GB 500, ila nikitega sikio nasikia tik... tik... Hapo dogo akawa mkali, akasema hiyo diski inakufa, usiiwashe washe hovyo, na usithubutu kuendesha chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, itaimalizia. Kopi kwanza, mengine baadae.

Basi kwenye kompyuta ya shuleni nikadaunlodi Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows (bando lote likaenda), nikaiweka kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus ili laptopu iwakie hapo, nikaichomeka kwangu nikawasha huku nabonyeza F12, za wengine ni F9 au Esc. Pale unachagua kuijaribu tu, ukigusa kuinstoli unaweza kufuta kila kitu. Ikawaka freshi bila Windows, ila nikibofya diski inakataa, inadai Windows haikuzimwa vizuri. Dogo akanitumia amri hii, baada ya kuangalia kwa lsblk (amri ya kuorodhesha diski) kwamba sehemu yangu yenye mafaili ni sda2:

sudo mount -o ro /dev/sda2 /mnt

Hiyo ro ni kusoma tu, haiandiki chochote kwenye diski. Mafolda yote haya hapa! Nilipiga kelele mpaka mama watoto akatoka jikoni na mwiko. Bahati pia BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski, haikuwa imewashwa, la sivyo ingenidai ile namba ya tarakimu 48 na mimi sijawahi hata kuiona.

Nikachomeka eksteno, yani diski ya nje, nikaanza na mitihani na matokeo maana ni vyepesi, dakika chache tu. Picha ndio zilinikesha, inakopi, inaganda, tik tik, inaendelea, inayogoma kabisa nairuka nakwenda nyingine. Mpaka adhana ya alfajiri nikawa nimemaliza, zimebaki picha 11 tu.

Sasa hivi nimeweka SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na Windows nimeipiga mwenyewe. Kati ya zile 11, moja ilikuja nusu, baba amekaa barazani na kofia yake, kuanzia kifuani kushuka chini ni kijivu kitupu. Nimeiacha hivyo hivyo.