Karatasi ya mama wa Umalila

Nilipokabidhiwa maabara ya udongo hapa Mbeya, nilikuta watu saba na rundo la mifuko ya sampuli. Majibu ya wakulima yalichelewa, vipimo vilirudiwa, na vijana wenye elimu yao nzuri walianza kutazama saa tangu saa nane mchana. Nikadhani dawa ni kubana. Nikaweka daftari la mahudhurio: saa moja na nusu kila mtu awe ameshasaini. Wakaja, wakasaini, wakakaa. Kazi ya kichwa haisimamiwi kama kibarua cha kulima. Mtu anaweza kukaa mbele ya mashine kutwa nzima, akili yake haipo.

Siku moja fundi mmoja, mkononi ana chekeche la milimita 2, akaniuliza, "Mkuu, hivi hii namba 212 imetoka wapi?" Sikuwa na jibu. Kwetu ulikuwa mfuko tu: unaanikwa, unachekechwa, unapimwa, unasahaulika.

Nikaomba gari, nikawapeleka wote Umalila, milimani nje ya mji wa Mbeya. Kwenye shamba la maharage tukamkuta mama mmoja. Baada ya shikamoo na marahaba alifungua pindo la khanga, akatoa karatasi yetu ya majibu imekunjwa mara nne. "Wanangu, hapa mmeandika pH 4.8. Nimefaulu au nimefeli?"

Fundi akachuchumaa palepale kwenye tuta, akaokota bonge la udongo. Akamweleza kuwa pH ni kipimo cha tindikali, na udongo wake una tindikali nyingi. pH ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu iliyomo udongoni huanza kuumiza mizizi, na fosforasi, kirutubisho cha mbolea ya DAP anayoinunua kwa shida, inanaswa na udongo kabla maharage hayajaipata. Aanze na chokaa ya kilimo, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mama akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nalisha ardhi, maharage yanalala njaa."

Wakati wa kurudi fundi hakusema neno mpaka Mbalizi. "Mkuu, ile karatasi haifai. Niachie niiandike upya."

Kwangu hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana fomu ile niliitunga mimi, na sahihi chini yake ni yangu. Nikamwachia. Ikatoka ya Kiswahili, ukurasa mmoja: ushauri juu, namba chini, na jina la aliyepima. Tukakubaliana pia kila sampuli iingie na kijiji chake na zao lake. Daftari la mahudhurio nikalifungia kabatini.

Jumatatu moja, miezi kadhaa baadaye, binti mmoja wa maabara alisimama kikaoni bila kuulizwa. Amechanganya mifuko miwili, na majibu yalishatoka Ijumaa. Zamani angenyamaza, na mimi nisingejua kamwe. Moyo ulinijaa. Nikamuuliza anahitaji nini.

"Simu ya ofisi, Mkuu, na asubuhi hii tu."

Akawapigia wakulima wote wawili mwenyewe, akawaomba radhi, kisha akarudi kwenye chekeche.