Vifungo vya Orioni

Tafakari ya juma, jumuiya za Bagamoyo. Somo: Ayubu 38:31-33

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Mungu anamuuliza Ayubu kama anaweza kuvilegeza vifungo vya Orioni, lile kundi la nyota, kisha kama anazijua amri za mbingu. Swali la pili huwa tunalipita haraka. Tulitazame.

Nyota yenye uzito wa zaidi ya majua 8 hufa kwa mlipuko, supanova. Ikilipuka peke yake ndani ya gesi nzito, nguvu yake nyingi huishia kuwa mwanga. Gesi iliyosukumwa hupoa, mwendo hupungua, mwishowe alama yake hufutika. Lakini nyota hizi kwa kawaida huzaliwa kwa makundi. Iliyo nzito mno hulipuka baada ya miaka milioni 3 hivi, nyepesi zake husubiri hata milioni 40. Kundi likiwa nazo 100, ni wastani wa mlipuko mmoja kila miaka 400,000. Wa pili hukuta wa kwanza umeshasafisha njia: hutokea kwenye uwazi wa gesi nyembamba yenye joto la mamilioni ya nyuzi, isiyopoa upesi, hivyo nguvu nyingi zaidi hufika kwenye ukuta wa gesi iliyosukumwa kando. Milipuko ikiachana mno, uwazi hupoa na gesi hurudi kuuziba.

Uwazi huo ni kama kiputo, nacho hukua hadi upana wa mamia ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Gesi ya galaksi yetu (mkusanyiko mkubwa wa nyota, Jua likiwemo) ni tabaka jembamba ndani ya sahani pana, basi kiputo kikizidi unene wake hupasukia juu na chini, kama uji mzito jikoni. Gesi iliyorushwa nje, sehemu yake hurudi. Iliyosukumwa kando hulundikana ukutani, na humo huzaliwa nyota mpya. Jua letu limo ndani ya kiputo kimoja, upana miaka ya nuru 1,000 hivi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria kilianza miaka milioni 14 iliyopita, kwa supanova kama 15.

Orioni nayo ina kiputo chake, kikubwa. (Tusiligeuze andiko kuwa kitabu cha fizikia, Ayubu hakuwa akifundishwa gesi.) Ila amri anazoulizwa zipo, na kwa amri hizo kifo cha nyota kinatayarisha mahali pa nyingine kuzaliwa. Nani kati yetu angepanga hivyo?

Majilio haya, katikati ya Desemba, saa 2 usiku, simameni ufukweni mkitazama baharini. Tafuteni nyota tatu za Orioni zilizopangana. Kushoto kwake ile nyekundu ni Betelgeuse, ambayo nayo itakufa kwa mlipuko. Zimeni tochi za simu, kisha mmoja asome aya ya 33 kwa sauti kabla ya sala.