Chama cha Mawakala wa Usafiri Wakati Uchumi Unapodorora

Katika miaka niliyofanya kazi ya uwakala wa usafiri nimeuona uchumi ukidorora zaidi ya mara moja, na kila mara nimewasikia wenzangu wakiuliza swali lilelile: ada tunayolipa chama kila mwaka inatufaa nini wakati huu ambapo wateja wameadimika? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba chama kinachofanya kazi yake humpatia mwanachama muda, na katika biashara yetu muda ndio unaotenganisha ofisi inayobaki wazi na ile inayofungwa.

Wasiokuwa katika kazi hii hudhani kwamba wakala hufilisika kwa sababu watu wameacha kusafiri. Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha duniani, idadi ya watalii wa kimataifa ilishuka kwa takriban asilimia 4 tu, lakini mawakala walioumia walikuwa wengi kuliko kiwango hicho kinavyoonyesha. Sababu ni namna fedha zinavyopita mikononi mwetu. Wakala anayeuza tiketi kupitia mfumo wa malipo wa IATA, umoja wa kimataifa wa mashirika ya ndege, hulazimika kuwasilisha fedha za mashirika ya ndege katika tarehe iliyopangwa, iwe kampuni iliyomsafirisha mtumishi wake imeshamlipa wakala huyo au haijamlipa. Uchumi ukiwa mzuri, kampuni hiyo hulipa baada ya siku 30. Ukiyumba, siku hizo huwa 60, kisha 90, na tarehe ya kuwasilisha haisogei hata kidogo.

Nakumbuka asubuhi moja ambapo mhasibu wetu aliweka karatasi mbili mezani, moja ya madeni tunayodaiwa na nyingine ya madeni tunayodai. Ile ya pili ilikuwa ndefu zaidi, na hapakuwa na jina hata moja lililowekewa alama ya kulipa. Nilimpigia simu katibu wa chama nikitarajia kupewa pole. Badala yake aliniuliza ni tiketi ngapi zilizorudishwa ambazo fedha zake bado zimeshikiliwa na mashirika ya ndege, ni mteja gani anayeweza kulipa japo nusu wiki hiyo, na kama tulikuwa na jedwali la fedha zinazoingia na kutoka kwa wiki 13 zijazo. Jedwali hatukuwa nalo. Alikuja mwenyewe alasiri, akavua koti, akakaa na mhasibu hadi likakamilika.

Suala la tiketi zilizorudishwa ndilo lililonifunza zaidi. Wakala mmoja huogopa kulibana shirika la ndege kwa sababu kesho atahitaji nafasi kutoka kwa shirika hilohilo, na kwa hiyo hunyamaza huku fedha zake zikikaa huko kwa miezi. Chama kilikusanya madai ya wanachama wote, kikayaweka katika orodha moja na kuyawasilisha kwa jina lake, bila mtu yeyote kulazimika kujitokeza peke yake. Fedha hazikurudi zote kwa mara moja, lakini zilianza kurudi. Sioni msaada mwingine unaoukaribia huo kwa thamani, wala semina, wala kongamano, wala hata punguzo la ada, ingawa kuruhusu ada ilipwe kwa awamu ni jambo jema.

Mawakala wa Marekani waliunda chama chao, ambacho leo kinaitwa ASTA, mwaka 1931, katikati ya mdororo mkubwa kuliko wowote uliokumbukwa. Nadhani waliona mapema kwamba mdogo hasikilizwi akiwa peke yake.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo ninatofautiana na baadhi ya wenzangu. Uchumi unapobana, hutokea wanachama wanaoomba chama kilegeze masharti ya ukaguzi wa hesabu na ya dhamana, yaani fedha zinazowekwa kando kuwalinda wateja endapo wakala atafilisika, wakisema kwamba fedha zilizofungwa katika dhamana zingewasaidia kulipa mishahara. Nawaelewa, kwa kuwa mishahara hiyo nimewahi kuihangaikia mimi mwenyewe, lakini siwaungi mkono. Agosti 1974 kampuni ya safari za watalii ya Court Line ya Uingereza ilianguka katikati ya msimu, ikawaacha maelfu ya watalii ng'ambo, na ikabainika kwamba dhamana zilizokuwepo hazikutosha kuwarudishia fedha wote waliokuwa wamelipia safari zao. Septemba 2019 kampuni nyingine ya utalii, Thomas Cook, ilipofilisika, zaidi ya wateja 150,000 wa Uingereza walikuwa nje ya nchi, lakini mara hiyo mfuko wa ulinzi wa wasafiri ulikuwa umejengwa kwa miaka mingi, na walirudishwa nyumbani. Familia iliyolipa nauli baada ya mwaka mzima wa kujibana haijali ni nani kati yetu aliyekosea. Ikipoteza fedha kwa wakala mmoja, huacha kutuamini sote.

Kwa hiyo dhamana ibaki palepale, na unafuu utafutwe kwingine: chama kijadiliane na kampuni ya bima ili wanachama wadogo wawekewe dhamana ya pamoja kwa gharama nafuu kuliko ile ambayo kila mmoja angetozwa. Pendekezo hilo limo katika ajenda ya mkutano wetu mkuu ujao, nami nimeshamwandikia katibu kwamba niko tayari kuzungumza kwa niaba ya ofisi zenye watumishi chini ya watano.