Kokwa za mikungu

Mwaka 2007 nilikuwa Kidato cha Pili, na kila Alhamisi jioni kazi yangu ilikuwa kuhesabu popo. Klabu yetu ya mazingira ilikuwa na daftari moja, na mimi ndiye niliyelitunza. Kwetu ni Pemba, upande wa Wete, na popo ninaowasema si wale wadogo wanaojificha mapaani. Ni popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwingine popote duniani. Manyoya yake yana wekundu wa kutu, uso wake kama wa mbwa mdogo, na akikunjua mbawa zake hupita mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha. Hula embe, tini, shelisheli na kungu. Hufyonza utamu akatema makapi, na mbegu akaenda kuziangusha mbali na mti alikolia. Miti mingi ya kisiwani kwetu imepandwa na yeye.

Kwa wazee wetu alikuwa kitoweo. Walimtega kwa ulimbo na nyavu, na popo akabaki. Zilipoingia bunduki mambo yakageuka, maana jike huzaa kitoto kimoja tu kwa mwaka, na risasi za jioni moja zinaweza kumaliza uzazi wa mti mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba Pemba nzima imebaki na popo elfu chache.

Mwaka ule wa 2007 walikuwa wakihesabiwa upya kisiwa kizima, na tuliambiwa mtafiti atafika kwetu kuchukua tulichoandika. Nilifurahi mno. Wiki mbili kabla hajafika, nilikwenda kwenye mwembe wetu nikakuta matawi matupu. Chini palikuwa na harufu ya moshi na tanuri la mkaa lililokwishafukuliwa. Nikaandika 0, nikalifunga daftari, nikarudi nyumbani nikilia.

Aliyeniona ni ami yangu. Lazima niseme ukweli: tangu nijiunge na klabu nilikuwa namkwepa. Ujanani alikuwa mtegaji. Alichemsha utomvu wa fenesi, akaupaka kwenye mianzi mirefu na kuisimamisha kileleni mwa miti iliyochanua. Mimi nilikuwa nikienda nyumba kwa nyumba kuwasihi watu wasile popo, nikaona haya kukaa naye barazani. Hata siku moja sikuwahi kumuuliza anajua nini.

Alinitaka nimsomee daftari. Nilipofika kwenye ile sifuri akatikisa kichwa.

"Hawajafa, mwanangu. Wamehama. Popo hakai penye moshi. Kesho twende."

Tulitoka baada ya alasiri. Njiani aliinama chini ya mikungu akiokota kokwa kavu, zile zilizotafunwa na popo zikabaki nyuzinyuzi, akazijaza mfuko wa kulia wa koti lake. Tukapita mashamba ya mikarafuu, tukashuka bondeni, tukatokea kwenye makaburi ya zamani ambayo mimi sikuwahi kufika. Miti pale ilikuwa mikubwa kwa sababu hakuna anayethubutu kukata kuni makaburini. Na juu yake, popo! Walining'inia kwa makundi, wakijipepea kwa mbawa, wakigombana kwa sauti kali.

Tuliswali magharibi kwa zamu, kando ya njia, nje ya mpaka wa makaburi, ili mmoja wetu awe na macho angani. Kisha akanifundisha kuhesabu. Miezi yote ile nilikuwa nikikosea. Nilisimama chini ya mti nikitazama juu, nikimhesabu kila anayepita, na popo wakitoka huzunguka kwanza, mara mbili au tatu, ndipo waondoke. Ami alinikalisha tukielekea machweo, mbingu ilipokuwa bado na mwanga, akanichagulia mnazi mmoja.

"Mhesabu anayeuvuka mnazi ule tu. Anayerudi muache."

Kila wakivuka kumi, kokwa moja ilihama kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Hakusema neno mpaka giza lilipotanda. Tulizimwaga kwenye kitambaa tukapata kokwa 23.

Nilitoa kalamu niandike jina la mahali. Akanishika mkono.

"Idadi andika. Mahali usiandike. Karatasi husafiri, na wenye bunduki nao wanasoma."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Idadi isiyo na mahali humsaidia nani? Popo hao wangeweza kuhesabiwa mara mbili, au wasihesabiwe kabisa, na mwembe wetu ungebaki kwenye karatasi kama mti uliokufa. Lakini ami alikuwa ameitunza siri ile miaka mingi, yeye niliyemdhania adui wa popo, na aliwajua watu wa mjini waliokuwa wakija na magari kuuliza popo wanalala wapi.

Mtafiti alipofika nilimwonyesha ukurasa ulivyo, mahali pakiwa wazi, nikamweleza sababu. Hakukasirika. Alisema mahali hapo patapewa namba tu, na jina halitatajwa mbele za watu. Akaomba kumwona ami.

Walizungumza barazani muda mrefu, na mimi nikawamiminia chai. Aliulizwa popo walilala wapi zamani, miti gani ilikatwa, msimu upi huhama, akajibu yote, mti kwa mti, na yule dada mtafiti akiandika bila kumkata kauli. Hesabu ya mwaka ule ilipokamilika, makadirio ya kisiwa kizima yalipita popo 18,000. Kila ninapoitaja idadi hiyo hukumbuka baraza ile.

Jioni yake ami aliinuka, akavaa koti, akamwambia amfuate. Makaburini alimwonyesha mnazi, akamjazia kiganja kokwa.

"Moja kwa kumi. Wanaozunguka waache."

Alipata kokwa 24. Ami akazipokea, akazihesabu mwenyewe moja moja kwenye mwanga wa tochi, kisha akanigeukia.

"Sasa andika."