Mvumo kwenye kinasa sauti: chomoa chaja kwanza
Rekodi ikiwa na mvumo mzito usiokatika, chomoa waya wa USB kabla hujagusa kitu kingine. Weka betri za AA, rekodi sekunde 30 za ukimya, usikilize kwa hedifoni. Mvumo ukiisha, kosa ni la chaja: nyingi huvujisha umeme kidogo unaopenya hadi kwenye waya wa maikrofoni. Kwa kazi muhimu, betri tu.

Ukilazimika kutumia umeme wa ukutani huku umeunganisha kinasa sauti na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), weka transfoma ya sauti ya kutenganisha ya 1:1, ohmu 600 kwa 600, kwenye waya wa sauti kati ya hivyo viwili. Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi ya ukutani ili kuondoa mvumo. Hiyo ndiyo inayolinda uhai wako.

Mvumo unaobadilika ukishika plagi kwa vidole ni habari nyingine. Fungua plagi ya 3.5 mm utazame: mara nyingi zile nyuzi za shaba zinazozunguka waya wa ndani zimekatika palepale kwenye kibanio. Kata sentimita 2, menya, chomea upya kwa risasi.

Na ule mlio wa tit-tit-trrr? Ni simu iliyo kwenye mtandao wa 2G, inayorusha mawimbi mara 217 kwa sekunde. Izime.