Jinsi Nilivyokadiria Umri wa Kisu Kirefu cha Waanglo-Saksoni

Nilipokuwa nikijitolea katika makumbusho madogo ya mji mmoja ulio kando ya Mto Thames, nilikabidhiwa kazi ya kuandika upya maelezo ya vitu vya chuma vilivyokaa ghalani tangu karne ya 19. Kimojawapo kilikuwa na kibandiko chenye maneno machache tu: kisu, chuma, kimeopolewa mtoni. Hakikuwa na mpini, kutu ilikuwa imekifunika chote, na makali yalikuwa upande mmoja. Niliombwa niseme ni cha zama gani, na kama ni miongoni mwa visu virefu vya Waanglo-Saksoni, yaani watu waliotawala Uingereza tangu karne ya 5 hadi ya 11, ambavyo wataalamu huviita saksi.

Jambo la kwanza nililolizingatia ni kutokikwangua. Chuma kinapoliwa na kutu ardhini au mtoni, uso wake wa asili mara nyingi husalia ndani ya tabaka la kutu, hivyo mwenye haraka ya kukisafisha anaweza kuufuta ushahidi wenyewe anaoutafuta. Niliomba kipigwe picha za eksirei, na picha hizo ndizo zilizofanya kazi iwezekane. Zilionyesha mifereji miwili myembamba iliyochorwa sambamba na mgongo, ambayo macho hayakuweza kuiona, na zilionyesha pia mstari wa kiungo mahali ambapo mhunzi aliunganisha chuma laini cha mgongo na chuma kigumu cha makali. Nilitazama kwa makini kama kuna mistari ya mshazari, kwa kuwa katika visu vya thamani kubwa wahunzi walisokota fimbo za chuma na kuzifua pamoja, na msokoto huo huonekana wazi kwenye eksirei. Haukuwepo. Wala hapakuwa na alama nyeupe za nyuzi za shaba au fedha, ambazo kwa kuwa ni nzito kuliko chuma hung'aa katika picha za namna hiyo.

Kipimo cha kaboni, yaani kukadiria umri wa kitu kwa kaboni iliyomo ndani yake, kilitajwa, lakini mabaki ya mti au pembe ya mpini yaliyokuwa yafaa kupimwa hayakuwepo, na kukata kipande cha chuma chenyewe hakukuruhusiwa. Ilibaki kutegemea umbo.

Hapo ndipo msomaji aliyezoea panga la shambani anaweza kupotea, kwa sababu jicho lake litakwenda moja kwa moja kwenye makali. Makali ya kisu cha kale hayaaminiki sana. Kisu kilichonolewa kwa miaka mingi hupungua upana, na ubapa wake huanza kujipinda kwa namna ambayo mhunzi hakuikusudia. Mgongo haunolewi. Kwa hiyo nilipima unene wa mgongo, mahali unapoanza kuteremka kuelekea kwenye ncha, na kama unateremka kwa kupinda polepole au kwa pembe kali, kisha nikapima msuka, yaani ile sehemu nyembamba iliyoingia kwenye mpini. Mgongo wa kisu chetu ulikwenda ukinyooka kwa zaidi ya nusu ya urefu wake, halafu ukakatika ghafla na kushuka kwa mstari ulionyooka hadi kwenye ncha.

Umbo hilo la mgongo uliokatika ni la Uingereza hasa. Mwanaakiolojia wa Uingereza, Mortimer Wheeler, alikwisha kuvipanga visu hivi kwa maumbo mwaka 1927, alipokuwa akiandika juu ya London na Waviking, wale mabaharia wavamizi wa Skandinavia, na tangu hapo mpangilio huo umerekebishwa bila kuachwa kabisa. Kwa upande wa bara la Ulaya, mwanaakiolojia wa Ujerumani Kurt Böhner aliunda mwaka 1958 mfuatano wa saksi zilizotoka makaburini mwa Wafranki, watu wa kale wa Ufaransa na Ujerumani ya leo, kuanzia nyembamba, kisha pana, kisha ndefu. Nilijaribu kukiingiza kisu chetu katika mfuatano huo wa Böhner, na kwa maoni yangu haufai kutumiwa peke yake kwa vitu vya Uingereza vya karne za baadaye, kwa kuwa msingi wake ni makaburi.

Makaburi ndiyo tatizo lenyewe. Katika karne ya 6 na ya 7 wanaume walizikwa na silaha zao, na mchimbuzi anayekuta kisu pembeni ya bizimu ya mkanda anaweza kuukadiria umri wake kwa kutumia vitu vyote vilivyolala pamoja. Baada ya mmisionari Augustino kufika Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 597 na Ukristo kuenea, desturi hiyo ilififia, na kufikia karne ya 8 ilikuwa karibu imekoma. Saksi za baadaye, ambazo ndizo nyingi zenye mgongo uliokatika, hutoka mitoni na katika miji ya kale kama London na York. Kisu kilichoopolewa mtoni hakina jirani wa kukishuhudia.

Kwa hiyo nilitafuta visu vyenye maandishi. Kinachojulikana zaidi kilitolewa Thames karibu na Battersea mwaka 1857 na sasa kiko British Museum. Urefu wake ni takriban sentimita 72, ubapa peke yake ukiwa sentimita 55, na kimetiwa nyuzi za shaba na fedha zinazounda jina Beagnoth pamoja na herufi zote 28 za runi, yaani alfabeti ya kale ya Waanglo-Saksoni, ingawa mpangilio wa baadhi yake haulingani na ule wa miswada. Kingine, kilichopatikana Sittingbourne huko Kent, kimeandikwa kwamba Biorhtelm alikitengeneza na Sigebereht anakimiliki. Vyote viwili huwekwa katika karne ya 9 hadi ya 10 kwa ushahidi wa mapambo na maandishi, na vyote vina mgongo wa aina ile ile niliyoipima. Nilifarijika pia kwa msalaba wa mawe wa Middleton, Yorkshire, ambao umechongwa askari mwenye kisu kikubwa kilicholala kiunoni, na kwa ala za ngozi zilizosalia katika udongo wenye maji huko York, kwani ala hufuata umbo la kisu hata kisu kisipokuwepo.

Niliandika: saksi yenye mgongo uliokatika, karne ya 9 hadi ya 11, ubapa umepungua kwa kunolewa. Mlezi wa makusanyo alitaka niongeze neno silaha, nami nilikataa, kwa sababu kisu cha ukubwa huo kingeweza kuua mtu vitani, kumchinja mnyama windoni au kuonyesha tu hadhi ya mwenye nacho, na eksirei haisemi kipi kati ya hivyo. Tulikubaliana kuandika kisu kirefu.

Katika sanduku lilelile kulikuwa na kipande kingine, chenye msuka mzuri na mwanzo wa ubapa, lakini kimevunjika kabla ya mahali ambapo mgongo hushuka. Hicho nimekiandika kuwa cha kati ya karne ya 7 na ya 11, nami sioni namna ya kuupunguza muda huo.