Maneno ni ya nani?

Juzi tumekaa na washkaji tunasikiliza jazi ya zamani, ikapigwa Ain't Misbehavin', mmoja akadakia "aah huu wa Fats Waller huu", yule mpiga piano, nikamwambia muziki sawa ni wake na Harry Brooks, haya maneno je? Kimya. Ndo zetu hizo, hata kwenye taarabu tunamjua aliyeshika maiki, mshairi tunamsahau.

Maneno ni ya Andy Razaf. Na jina kamili sasa, Andriamanantena Razafinkarefo, yani ni Mmadagaska kabisa kwa baba, tena wa ukoo wa Malkia Ranavalona III, malkia wa mwisho wa kule! Wafaransa walivyoivamia Madagaska mwaka 1895 baba akauawa, mama ambaye alikuwa binti wa balozi mdogo wa Marekani kule, Mmarekani mweusi, akakimbia na mimba akiwa bado msichana mdogo tu. Mtoto akazaliwa Washington Desemba mwaka huohuo.

Sasa huyo mtu wa damu ya kifalme akaacha shule, akapata kazi ya kuendesha lifti New York, kwenye jengo lenye ofisi za wachapishaji wa nyimbo. Mi hapa ndo huwa nacheka, unapandisha mabosi wa muziki kutwa nzima na mashairi unayo mfukoni. Ila ilimlipa, mwaka 1913 wimbo wake ukaingia kwenye shoo kubwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York. Baadae mambo yakalala, akaenda kucheza besiboli, akaandika mashairi makali kwenye magazeti ya weusi wa Harlem, mtaa wao hapo New York, hadi alipokutana na Waller.

1929 ndo mwaka wenyewe, wakatoa wimbo wa Honeysuckle Rose, halafu nyimbo za shoo ya Hot Chocolates. Razaf mwenyewe alihadithia kwamba jambazi Dutch Schultz, ambaye hela yake ilikuwa kwenye hiyo shoo, alitaka wimbo wa kuchekesha, dada mweusi analalamika ugumu wa kuwa mweusi, Razaf akagoma, akabanwa ukutani na bastola. Basi akaandika. Akampa wimbo wa Black and Blue. Watu wakaanza kwa kucheka kweli, mistari ikazidi kuingia, kicheko kikakata, mwisho ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Yani kaambiwa achekeshe weupe kwa machungu ya watu wake, yeye kawawekea machungu yenyewe mezani, na jamaa wa bastola hana la kusema maana ukumbi umepagawa! Kwangu huo ndo utunzi, hayo mengine mapambo.

Hela sasa... mwaka huohuo haki za nyimbo kadhaa, na Ain't Misbehavin' ikiwemo, ziliuzwa kwa dola 500. Mia tano bana.

Mwaka 1951 akaugua, akaishia kwenye kiti cha magurudumu. Wakaja kumuingiza kwenye orodha ya heshima ya watunzi 1972, Februari 1973 akafariki California.